Jumapili ya Mavuno Isiyokwisha

Nchi yenyewe haiko mbali. Toka nje ya mlango wako, geuka upande wowote, utaiona. Jina lake halitajwi hapa, na si kwa woga, ni kwa adabu tu. Nchi ile ikisikia inatajwa bila kibali hukasirika kama mgonjwa aliyeamshwa.

Basi mkuu wa nchi hiyo, Mtukufu Mwona-Yote, Jumapili moja alikuwa amepumzika, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akitazama ibada kwenye simu. Kanisa alilolitazama lilikuwa huko milimani. Mchungaji alihubiri vizuri, lakini benchi la mbele lilikuwa tupu, na benchi la pili lilikuwa na kuku. Mtukufu akapatwa na upweke. Wanaomhudumia wanasema aliitoa miguu kwenye maji akaikausha mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea, kisha akauliza: "Ina maana taifa zima tumemwachia kuku?"

Jumatatu Wizara ya Ibada na Mwonekano ikazaliwa. Jumanne ikawa na magari. Jumatano ikatoa waraka: pengo lolote kwenye benchi la ibada ni pengo kwenye taifa, nyumba ya ibada itakayoonekana ina pengo itafungwa kwa kufuli la serikali, na kiongozi wake atapelekwa kutafakari mahali penye ukuta mrefu.

Viongozi wa dini wakaitwa kwenye semina ya siku tatu, yenye kichwa kirefu: Jinsi Nyumba za Ibada Zinavyoweza Kutumia Video Kuwasogeza Waumini Karibu. Mwezeshaji mwenye tai ya njano aliwafafanulia kwamba muumini anayeonekana ndiye aliyepo. Asiyeonekana, hata kama amepiga magoti mpaka yameota sugu, huyo ni uvumi. Kila Jumatatu video ya ibada ipelekwe wizarani, na huko Mtambo wa Nyuso utasoma uso mmoja mmoja na kuandika "yupo" kwenye Daftari la Walio Hai. Zamani daftari hilo lilitunzwa na watendaji wa vijiji, lakini mtendaji naye ni mtu: husahau, hulewa, hufa. Mtambo haufi.

Sheikh mmoja mzee aliandikiwa barua na wizara kwamba waumini wake wote wameonekana migongo, kwa hiyo Ijumaa ijayo waielekee kamera. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba upande wa Kibla haukuhama wakati waraka unatoka. Jibu lake mpaka leo liko kwenye kamati, na kamati ina posho.

*

Kanisa la Isambwa liko juu ya kilima cha mawe, lina mabenchi kumi na mawili na kengele ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Mfagiaji wake alikuwa Teopista, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu aliyeishia darasa la saba. Alikuwa na macho yasiyo na haraka. Watu walisema ni mpole. Ukweli ni kwamba alikuwa anaangalia.

Kamera ya wizara Isambwa waliazimwa kwa Jumapili moja tu, maana ilikuwa inazunguka wilaya nzima. Mchungaji Elikana hakuwa mjinga. Alichagua Jumapili ya Mavuno, siku ambayo hata wasiosalimiana na Mungu hujitokeza. Watu walipanda kilima na maboga, mahindi, kuku na mbuzi wawili. Teopista alikaa benchi la tatu na mama yake, Perpetua, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua. Kila waliposimama kuimba, Teopista alimshika mama yake juu ya kiwiko asije akayumba.

Wizara ikajibu kwa pongezi: mahudhurio asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada zilitokana na mbuzi, ambao Mtambo uliwatambua kama wazee wa kanisa.

Jumatatu iliyofuata kamera haikuwepo, na waraka ulikuwepo. Mchungaji akaipeleka tena ile ile ya mavuno. Wizara ikapongeza tena, safari hii kwa "uthabiti wa mavazi." Wiki ya tatu akaipeleka, wiki ya nne akaipeleka, na kama waraka ulivyoagiza, akawa anairusha pia kwenye simu za waumini kila Jumapili saa tatu asubuhi.

Hapo ndipo watu wa Isambwa walipoacha kupanda kilima. Si kwamba waliacha dini. Mtu akijiona yuko kanisani anaimba, tena amevaa vizuri kuliko alivyovaa sasa hivi, aende tena kufanya nini? Walikaa vibarazani wakichambua mchele na kujitazama. "Siku ile nilikuwa nimenawiri jamani," mmoja husema, na mwenzake humjibu, "Ulikuwa umenawiri mpaka ukanifunika mimi." Kisha wanatuma amina. Wizara ikaandika kwenye taarifa yake kwamba Isambwa ni kitovu cha uamsho.

Teopista aliendelea kufagia kanisa tupu kila Jumamosi na kuigonga rimu kila Jumapili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

*

Perpetua alifariki Jumatano ya mvua, hospitali ya wilaya, mkono wake ukiwa umeshikwa.

Sasa watu wa Isambwa wana desturi yao. Mtu akifa, Jumapili inayofuata ndugu wa karibu husimama mbele ya benchi alilozoea marehemu, huikunja kanga yake, au koti kama ni mwanaume, huiweka pale alipokuwa akikaa, kisha hulitaja jina lake na neno moja: umeruhusiwa. Nafasi ile huachwa wazi siku arobaini. Mabibi walisema asiyeruhusiwa haondoki. Hana ubaya wowote, ana nidhamu tu. Anangoja.

Lakini pengo la siku arobaini ni kosa la siku arobaini, kwa hiyo tangu waraka utoke Mchungaji alikuwa ameisimamisha desturi kwa muda, mpaka taifa litakapopumua.

Jumanne iliyofuata Teopista akaenda wilayani kuomba kibali cha mazishi. Siku hizi kibali hutolewa na Afisa Mahudhurio, Bwana Lugendo, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Keti. Jina la marehemu?"

Akalitaja. Bwana Lugendo akabonyeza, akasoma, akatabasamu kama daktari mwenye habari njema.

"Huyu hajafa."

"Amefariki Jumatano, mzee. Yuko chumba cha maiti hapo hospitali."

"Juzi Jumapili alikuwa kanisani. Saa tatu na dakika kumi na mbili anaimba. Tena sauti ya kwanza."

"Ile ni video ya mavuno."

Bwana Lugendo akakinyanyua kichwa taratibu. "Unataka kuniambia kanisa lenu linaipelekea wizara video ya zamani?"

Teopista akaona kwamba ngazi aliyotaka kuipanda imeegemezwa kwenye shingo ya Mchungaji. "Hapana mzee," akasema. "Nasema tu mama amefariki."

"Basi amefariki na anahudhuria. Sheria haimkatazi yeye. Inanikataza mimi kumzika mtu anayehudhuria."

"Kwa hiyo watu wanazikwaje?"

"Kwa utaratibu. Asionekane Jumapili tatu mfululizo bila udhuru. Asiyeonekana Jumapili tatu hahesabiki kuwa hai, awe nani awe nani. Anafutwa, na aliyefutwa anazikwa hata kama hataki." Akamsogelea, maana kwa namna yake alikuwa mtu mwema. "Zungumza naye, binti. Mwambie apumzike kidogo. Wazee wetu wanazidisha dini."

Hospitali nayo ilikuwa na shida zake. Mtu ambaye Daftari linasema yu hai haruhusiwi kuandikwa maiti, kwa hiyo kadi ya Perpetua ilihamishiwa wodi ya wanawake huku mwenyewe akibaki kwenye jokofu. Kila asubuhi muuguzi aliijaza kadi kwa uaminifu: hajala. Kesho yake: hajala.

*

Mchungaji Elikana alimpokea Teopista mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alikuwa amekonda.

"Mtoe mama kwenye video, Mchungaji."

"Nikimtoa panabaki nini?"

"Pengo."

"Umejibu mwenyewe, mwanangu." Akayapangusa macho yake kwa mgongo wa mkono. "Unadhani mimi simwoni? Kila Jumatatu kabla sijaipeleka namwomba radhi. Nasema, mama Perpetua, wiki hii tu. Na yeye ananiimbia."

Basi Teopista akafanya alichokuwa anakijua, akaangalia. Jumapili baada ya kuigonga rimu, aliketi benchi la tatu la kanisa tupu, akaiweka simu mapajani, na kuwatazama watu wakiwa wamejaa pale pale alipokuwa peke yake. Jumapili ya kwanza mama aliimba kama kawaida. Jumapili ya pili Teopista aliona mkoba. Siku ya mavuno mkoba wa mama ulikuwa chini, kati ya miguu. Sasa ulikuwa mapajani.

Jumapili ya tatu mkoba ulikuwa begani. Mama haimbi tena. Watu wote wanamtazama Mchungaji, yeye peke yake anautazama mlango. Halafu mabenchi mawili nyuma yake, Mzee Nduluma, jirani aliyefariki baada ya mavuno, alikuwa ameshavaa koti mkono mmoja.

Hakuna mwingine Isambwa aliyeona hayo. Kila mtu alikuwa anajitazama mwenyewe.

*

Mama Nduluma alikuwa jirani yao, mjane mwenye ulimi. Yeye kibali hakukingoja. Mumewe alimzika mchana kweupe kwenye migomba, akiwaambia wapita njia anapanda mgomba wa aina mpya, wa shimo refu. Tangu hapo serikali ilikuwa ikimwita marehemu kwenye ujenzi wa barabara, na wiki iliyopita ilimletea hati ya ukaidi.

Teopista akamwonyesha simu. Mama Nduluma akaisogeza karibu na macho.

"Amevaa koti," akasema. "Nduluma hakuwahi kuzipenda nyimbo ndefu. Wiki ngapi hizi anaimba ule ule?"

"Ishirini na tatu."

"Masikini mume wangu. Na mimi nalalamika kupalilia."

"Wanangoja ruhusa, mama. Hatukuwaruhusu."

"Na pengo?"

"Pengo wataliacha wao. Sisi tutakuwa tumeweka kanga tu."

Mama Nduluma akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe mtoto kumbe ule upole wote ulikuwa unatuhesabu."

Jumapili saa tatu wakapanda kilima wawili, na koti na kanga. Ndani mlikuwa na harufu ya popo na nta. Teopista akaiegemeza simu juu ya kitabu cha nyimbo, mahali ambapo wote wawili wangeona.

Alianza Mama Nduluma. Alilikunja koti, akaliweka, akalikung'uta vumbi kwa mazoea. "Nduluma," akasema, "umeruhusiwa. Na lile jembe la watu nilishalirudisha." Kwenye simu mzee akasimama, akaumalizia mkono wa pili wa koti, akapita katikati ya watu wanaoimba, akatoka. Hakugeuka.

"Hata kwaheri," alisema Mama Nduluma. "Ndivyo alivyokuwa." Kisha akakaa chini ghafla, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Teopista akaikunja kanga ya mama yake mara nne, akailaza benchi la tatu. "Perpetua, mama yangu, umeruhusiwa."

Mama akasimama kwa yale magoti yake. Akapiga hatua moja. Akakwama.

Mkono ulikuwa umeshikwa juu ya kiwiko. Teopista wa mavuno, amevaa gauni la maua, anaimba macho mbele, vidole vyake vimemkamata mama kwa nguvu.

"Mwache," Teopista akasema.

Yule wa kwenye simu akaacha kuimba. Akageuka, akamtazama. Hakuna mtu anayependa kutazamwa na uso wake mwenyewe namna ile. Akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayekataa chai.

"Mwache mama aende. Amechoka."

Akatikisa tena.

Mama hakuvuta. Hakulalamika. Alisimama tu na mkoba wake begani, akingoja kama mtu anayesubiri watoto wamalize kugombana, na Teopista akajua kwamba atasimama hivyo wiki ijayo, na mvua zijazo, na mavuno mengine. Kwamba huko wilayani muuguzi ataandika hajala, hajala, mpaka kadi ijae wachukue nyingine. Wimbo ukaingia ubeti wa sita.

"Hamwachi," akasema Teopista. "Labda watoke wote wawili."

Mama Nduluma akashusha kanga usoni. "Mwanangu, ukimruhusu na yule, unajua Daftari litasemaje?"

"Najua."

"Kamera nyingine hakuna. Sura yako nyingine hawana."

"Najua, mama."

"Kafikirie basi hata wiki moja."

"Kuna mtu amesimama," Teopista akasema, "na magoti yanamuuma."

Akaivua kanga aliyojitanda, akaikunja mara nne, akailaza kando ya ile ya mama yake. Sauti ilimtoka ndogo. "Teopista binti Perpetua, umeruhusiwa."

Wakatoka pamoja, mmoja amemshika mwenzake. Mlangoni yule msichana alisimama kumpisha mama atangulie, akachungulia nje kama anayeangalia kama kuna mvua, kisha naye akapita. Waliobaki waliendelea kuimba. Mbuzi mmoja aligeuka kuwatazama, basi.

*

Jumatatu Mchungaji Elikana alipanda kilima mbio, jasho linamtiririka. "Umeigusa video?"

"Sijaigusa."

"Mbona ina nafasi tatu wazi?"

"Wameondoka, Mchungaji."

Alikaa wiki nzima akingoja kufuli la serikali, ameshafunga nguo zake kwenye shuka. Badala yake ikaja barua: wizara imewaona watoro watatu wakitoka katikati ya ibada kwa miguu yao, na kwa kuwa utoro ni kosa la mtoro, kanisa halihusiki, na linapongezwa kwa kutowafuata. Mchungaji akamshukuru Mungu, kisha akaona haya kwa alichoshukuru.

Jumapili tatu zikapita. Nafasi hazikujaa.

Bwana Lugendo alimwita Teopista ofisini. Mbele yake kulikuwa na kibali kimoja chenye majina mawili. Cha Nduluma kilikuwa pembeni, na maelekezo kwamba ile hati ya ukaidi iwekwe juu ya kaburi.

"Pole kwa misiba," akasema Bwana Lugendo.

"Ahsante, mzee. Mimi niko hapa lakini. Unaniona."

"Nakuona mimi. Mimi si Mtambo." Akamsogezea kalamu. "Anza kutia sahihi kwa ajili ya mama, ungali hai. Vizuri. Sasa hapa, ndugu wa marehemu wa pili. Nani ndugu yake wa karibu?"

"Mama."

"Naye amefariki. Familia imepukutika, pole sana." Akafikiri. "Weka sahihi wewe, kwa niaba ya mwenyewe."

Akaweka. Bwana Lugendo akagonga mhuri mara mbili, na tangu mhuri wa pili hakumwangalia tena. Aliongea na kiti. Alikiambia kiti kwamba mazishi ni Alhamisi, na kwamba kamera itakuja, maana wizara hupenda kujiridhisha.

*

Isambwa nzima ilikuja makaburini. Mazishi yalikuwa bado hayajaanza kurushwa kwenye simu, kwa hiyo iliwabidi waje. Walisalimiana kwa soni, kama watu waliokutana baada ya ugomvi. Wengine hawakuwa wameonana tangu mavuno, na kila mmoja alimwona mwenzake amezeeka kuliko alivyo kwenye video.

Wachimbaji walikuwa wamechimba makaburi mawili, kwa kuwa kibali kilisema wawili.

Perpetua akateremshwa katika la kwanza. Mchungaji aliomba kwa sauti yake halisi, ambayo wengi walikuwa wameisahau. Wakafukia, wakaimba, na safari hii wimbo ulikwisha. Kwenye kioo cha kamera Bwana Lugendo aliviona vimistari vinavyouzunguka kila uso ambao Mtambo unaujua. Viliuzunguka uso wa Mchungaji, wa Mama Nduluma, wa wachimbaji. Vikampitia Teopista kama vinavyoupitia mti.

"La pili nalo lifukiwe," Bwana Lugendo akatangaza. "Wizara inalitazama Jumatatu."

"Halina mtu," akasema mchimbaji mmoja.

"Lina jina."

Hakuna aliyesogea. Mchungaji aliufungua mdomo, akaliona jicho la kioo la kamera likimtazama, akaufunga. Machepe yalikuwa yamechomekwa kwenye udongo, na wanaume wakayatazama kama vitu wasivyovijua.

Teopista akalichomoa chepe moja. Alifika ukingoni, akachungulia chini, akaona udongo mwekundu na mzizi uliokatwa, basi. Akatupia chepe la kwanza la udongo. Udongo ulitua kwa sauti ile ile iliyosikika kwa mama.

Alipofika la kumi Mama Nduluma alikuja na chepe lake. "Sogea," alisema, "unamwaga nje." Kisha wakaja wengine, mikono mitupu, wakiusukuma udongo kwa viganja, na hapo katikati mwanamke mmoja akaanza kulia, mwenzake akampokea, mpaka watu wote wakawa wanamlilia Teopista kwa jina lake, kilio cha kweli, na Teopista yuko pale kati yao, kanga imelowa jasho, anafukia.

Walipomaliza aliulainisha udongo kwa mgongo wa chepe, taratibu. Watu wakaanza kuteremka kwenda kula. Alibaki amesimama kati ya yale makaburi mawili, machozi aliyoyazuia tangu Jumatano ile ya mvua bado yanangoja, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua atazame upande gani, wala aanze kumlilia nani.